Kovu Upande wa Kulia

Jioni ile nilishuka ziwani kuosha rola yangu ya wino. Ilikuwa Machi, mwaka themanini na nne, na kipande cha sabuni hukipati Etaro nzima hata kwa kuapa. Nilisugua kwa mchanga na majivu mpaka vidole vikachubuka. Jua lilipokaribia kugusa maji nikapanda kurudi nyumbani, rola begani, nikipita katikati ya yale mawe makubwa.

Nilipofika uani nikasikia mama anacheka.

Nikasimama.

Mama yangu, Tereza, hakuwa amecheka tangu Julai. Miezi minane. Nikasogea mlangoni taratibu. Ndani hakukuwa na taa, maana mafuta ya taa nayo yaliadimika, na siku hizo tulikuwa tunakula kabla giza halijaingia. Mwanga uliopita mlangoni ulitosha. Mama alikuwa amekaa kigodani, mbele yake sahani ya ugali na bakuli la samaki furu. Na upande wa pili, mkekani, mgongo umeegemea ukuta…

Mbuke.

Mdogo wangu wa kike Mbuke, aliyezama ziwani.

"Karibu, kaka," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, yenye mkwaruzo, kama karatasi inayobanduliwa kwenye wino mbichi.

Ngoja nieleze kwanza, ndipo mtajua kwa nini sikukimbia.

Mbuke alikuwa na miaka ishirini. Julai alikwenda upande wa Kenya na wenzake kutafuta sabuni na chumvi, kama walivyofanya wengi wakati ule. Wakati wa kurudi upepo ukawageuza. Mtumbwi ulikuwa na watu tisa. Wanne waliokolewa, maiti za wanne zilielea ufukweni kwa siku zao. Mbuke hakuonekana. Mama alitembea ufuko wote mpaka Bukima, kila asubuhi, akigeuza kwa fimbo kila kilichosukumwa na mawimbi. Magugu. Vigogo. Mara moja mbwa. Katekista Stanislausi alituongoza kwa sala, watu wakakaa kilio siku tatu, wakaondoka. Kaburi hatukuwa nalo. Kitanda cha Mbuke mama alikitandika kila siku.

Mimi Leodgar kazi yangu ni kuchonga picha na kuzichapa. Nilifundishwa na bruda mmoja wa misheni. Unachukua kipande cha lino, ule mpira mgumu wa sakafu za kizungu, unachonga kwa visu vidogo. Pale ulipochonga hapashiki wino. Palipobaki juu ndipo panaposhika rangi. Unapaka wino kwa rola, unalaza karatasi, unasugua kwa mgongo wa kijiko, unabandua. Nilichapa mawe ya Etaro, mitumbwi, ndege minandi wakianika mabawa, ng'ombe na maghala ya ulezi ya upande wa Butiama. Parokia ilinunua kadi za Krismasi, na wageni waliopita kwenda Mwitongo, nyumbani kwa Rais, walichukua mbili tatu.

Februari mama alinijia mezani.

"Wewe mawe unachongaga. Ng'ombe wa watu unawachonga mpaka kwato. Mdogo wako unashindwa?"

"Sina hata wino, mama."

"Wino nitakupa."

Akaniletea masizi kwenye kopo la maziwa. Yalikuwa laini kupita masizi ya chungu, na yalinuka nguo iliyoungua. Sikuuliza. Nilichanganya na mafuta ya pamba, nikakata lino, nikachonga siku tatu. Kichwa na mabega tu. Sikuchora kwanza kwenye karatasi kama ilivyo desturi. Nilimchonga kama alivyonijia akilini, ananitazama, na macho yangu yenyewe yalikuwa hayaoni vizuri kwa machozi.

Ndiyo maana nilikosea. Kila mchongaji anajua, picha hutoka imegeuka. Ulichochonga kushoto kitachapwa kulia. Mbuke alikuwa na kovu juu ya jicho la kushoto, alilopata kwa kupigwa pembe na mbuzi tukiwa wadogo. Nilipobandua karatasi ya kwanza, kovu lilikuwa juu ya jicho la kulia.

"Nimeharibu," nikasema. "Nitachonga upya."

Mama alininyang'anya karatasi. Hakuwahi kuninyang'anya kitu maishani.

"Usimguse! Huyu huyu."

Na sasa, jioni ile, aliyekaa mkekani alikuwa na kovu juu ya jicho la kulia.

Nilikaa chini. Mama alinisukumia sahani. "Kula, baba. Ugali unapoa." Uso wake ulikuwa unang'aa kama wa bibi harusi. Mbuke akanyoosha mkono kumega tonge.

Mkono wa kushoto.

Mbuke wetu, aliyekuwa akiwachapa watoto wa jirani vidole kwa kula na kushoto! Alimega, akachovya, akapeleka mdomoni. Mama aliona. Alitazama pembeni.

"Leodgar," alisema, "kafunge mbuzi."

Nilikwenda. Niliporudi giza lilikuwa limeshika, na mama alikuwa peke yake. Niliwasha kijiti cha moto jikoni, nikakishika juu ya sahani. Upande aliokula Mbuke, ugali ulikuwa haujapungua. Ulikuwa na alama za vidole tu. Nyeusi.

Alikuja kesho yake. Na kesho kutwa. Alikuja kila jua lilipolala, akaketi palepale, mgongo ukutani. Alimwambia mama maneno machache ambayo sikuyasikia, na mama alicheka, akamsimulia habari za shamba la mihogo. Nikaanza kuzoea. Mungu anisamehe, kuna siku nilitoka Musoma mjini nikitembea haraka nisichelewe kumkuta.

Lakini mama alikuwa anakwisha. Wiki ya pili mifupa ya shingo ilitokeza. Alipochota maji alipumzika mara nne njiani.

Siku moja niliwahi kurudi, alasiri bado nyeupe. Mama alikuwa mezani pangu. Mbele yake ile lino, na karatasi aliyoichana kwenye daftari langu. Alikuwa ameinamia sahani ya wino, kidole cha shahada kimetobolewa kwa mwiba… tone… tone… anakikamua ndani ya masizi.

"Mama!"

Hakushtuka. Alikuwa amechoka mno kushtuka.

"Chapa moja, jioni moja," alisema. "Ya jana inakuwaga imefifia."

Aliinua godoro lake akanionyesha. Karatasi kumi na tatu. Zote nyeupe. Wino ulikuwa umeondoka, ikabaki alama ya kijiko na ile harufu ya nguo iliyoungua.

"Masizi ulipewa na nani?"

"Kwa Keraryo, yule mganga wa Mugeta. Nilimpelekea gauni la Mbuke la Jumapili. Akalichoma, akanipa masizi yake kwenye kopo." Alinishika mkono. Vidole vilikuwa baridi. "Najua unachotaka kusema, baba. Anakula na kushoto. Mimi nilimzaa, nisijue? Niachie tu. Bora huyu kuliko kitanda kitupu."

Alfajiri nilidandia lori la pamba mpaka Bunda, nikaazima baiskeli kwa rafiki, nikafika Mugeta jua la saa tano. Nilitegemea mtu wa kutisha. Keraryo alikuwa mzee mdogo wa mwili, amekaa kivulini anaziba mzinga wa nyuki kwa kinyesi cha ng'ombe. Nilimwamkia, nikajieleza. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Masizi nilimpa apate kulia nayo," alisema. "Mtu asiye na kaburi anahitaji kitu cha kulilia. Hiyo damu kaiongeza mwenyewe. Mimi sikumtuma."

"Anayekuja ni nani, mzee?"

Akaendelea kuziba mzinga.

"Ni yeye au si yeye?"

"Mimi sikumchonga."

"Nikiichoma ile lino?"

"Utapata masizi tena." Ndipo akanitazama. "Mkono uliochonga ndio unaofuta. Chonga mpaka pasibaki pa kushika wino. Na ufanye mapema. Shingo ya mama yako umeitazama?"

Nilifika Etaro jua limeinama. Mama alikuwa ameshachapa. Alilala mkekani, macho nusu, na pumzi ilikwama kila ilipopanda. Karatasi mbichi ilikuwa kifuani pake. Na Mbuke alikuwa ameshakuja. Alikaa karibu na kichwa cha mama, anampapasa nywele. Kwa mkono wa kushoto.

Nilichukua lino na kisu. Nikakaa kizingitini, penye mwanga.

Nilianza na nywele.

Krrr… krrr… Vipande vyembamba vilijikunja, vikaanguka miguuni. Sikutaka kuinua uso. Nilimaliza nywele, nikamaliza shingo na mabega. Mle ndani kitu kilisogea. Nikainua uso bila kupenda.

Mbuke alikuwa amesimama, na kwa mara ya kwanza amenipa mgongo, anamfunika mama shuka.

Hakuwa na mgongo.

Palikuwa peupe. Peupe na tambarare, kama karatasi ambayo hakuna aliyeigusa. Sikuwahi kumchonga upande ule.

Akageuka. Akaja taratibu, akachuchumaa mbele yangu, karibu kiasi cha kumgusa. Hakunizuia mkono. Nilichonga kovu. Nilichonga jicho moja, halafu la pili, na kila nilipochonga sikuthubutu kumtazama pale nilipopatoa. Ulibaki mdomo.

"Kaka," alinong'ona.

Kisu kikasita.

"Wino niliupata… Makopo mawili, meusi. Niliyafunga kiunoni."

Niliutazama ule mdomo.

Hakuna aliyejua. Mama hakujua. Padri sikumwambia hata kwenye kitubio. Mbuke hakutaka kwenda safari ile. Alisema upepo wa Julai ni mbaya, sabuni tutavumilia. Mimi ndiye niliyemfuata nyuma ya nyumba, nikambembeleza. Parokia ilitaka kadi mia mbili, na wino wa duka ungepatikana Kisumu tu. Nikamwambia, nenda mdogo wangu, mara hii tu. Yale makopo mawili ya chuma ndiyo aliyoogelea nayo.

Kitu nilichokichonga mimi kwa kukosea, kilicholishwa damu ya mama… kilijuaje?

"Mbuke?" nikaita.

Mdomo ulitetemeka, unatafuta neno. Nyuma yake pumzi ya mama ilikatika. Nikahesabu. Moja… mbili… tatu… nne… Haikurudi.

Nikachonga mdomo.

Mama alivuta pumzi kwa kishindo, kama mtu anayetoka chini ya maji. Mbele yangu palikuwa na ua mtupu, mbuzi, na giza linaloingia.

Asubuhi mama aliona lino ilivyokuwa, tupu kuanzia ukingo hadi ukingo. Hakulia wala hakunilaani. Aligeukia ukutani. Kufikia mavuno ya ulezi mwili wake ulikuwa umerudi, ila maneno hayakurudi. Miaka mitatu alizungumza nami yale ya lazima tu: maji, kuni, mbuzi katoroka. Maduka ya Musoma yakaanza kujaa. Sabuni ikarudi, khanga zikarudi, na wino wa kila rangi ukauzwa pale sokoni. Nilinunua. Nilichapa mawe, ndege, maghala. Watu sichongi.

Mwaka themanini na saba, jioni moja tukipepeta dagaa, mama akasema bila kunitazama:

"Siku ile nilikuwa nasikia kisu. Alikuambia nini?"

Niliendelea kupepeta.

"Hakusema kitu, mama."

"Hata neno moja?"

"Hata moja."

Alichambua dagaa wawili watatu. Kisha mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni.

"Basi hakuwa yeye," alisema. "Mbuke asingeniacha bila kusema kitu. Ulifanya vizuri, baba." Akanigusa goti. Tangu siku ile alianza tena kuniita kwa jina, na kunicheka ninapounguza ugali.

Jumamosi iliyofuata alimwita katekista. Tulichimba kaburi nyuma ya nyumba, tukakata kigogo cha mgomba chenye urefu wa Mbuke kiwe badala ya mwili wake, mama akakifunga khanga mpya, tukakizika. Mama alitupa udongo wa kwanza kwa mkono mkavu, usiotetemeka, akasema, "Lala, mwanangu." Kisha watu wakanigeukia mimi, kaka mtu, nitupe wa pili. Nilichota. Nilisimama pale na udongo umejaa kiganjani, sijui namzika nani, mpaka Stanislausi akanifungua vidole kimoja kimoja.