Mashine ya Zakari na Mkono wa Dada Yake

Sikilizeni, ninyi mnaokaa na jamaa zenu chini ya bati moja. Haya yalitokea mtaani Kamalondo, katika nyumba iliyojaa amani.

Zakari alikuwa fundi wa redio. Yeye na mkewe Sofia walikuwa na mashine ya umeme ya kudarizi, na aliyeiendesha ni Imani, dada mkubwa wa Zakari, mjane aliyekuja kuishi kwao. Kila asubuhi Imani alipanga nyuzi huku akiimba kaswida, Sofia akimimina chai, na mashine ikachora maua kwenye kanzu za sherehe. Wateja walitoka hata mtaa wa mbali wa Karavia.

Joto la Oktoba lilipoanza, mashine ikaanza kugoma. Puce ya mota, kile kidude cheusi kwenye karte, yaani kibao cha umeme, ilipata moto hadi haishikiki, kisha ikaungua. Zakari akaweka nyingine. Baada ya siku nne nayo ikaungua. Ya tatu pia. Kila mara Imani ndiye aliyekuwa ameketi pale.

"Yaya, unafanya nini hii mashine?" Zakari akamuuliza dada yake mbele ya wateja wawili.

"Sifanyi kitu. Mota njo inageuka kwa nguvu, sawa muntu anabeba muzigo. Fungua kule nyuma, uangalie."

"Mi njo fundi, hapana weye! Mukono yako iko mubaya. Hata bwana yako alikufa mu mikono yako."

Wateja wakainamisha macho. Imani aliweka mkasi mezani polepole, akaingia chumbani. Kesho yake alifunga nguo zake, akaenda Lukafu kwa binamu zao. Zakari hakumzuia. Kusema kweli, aliona nafuu.

Wenzangu, ni wangapi kati yetu ambao hatujawahi kutoa neno kama lile?

Zakari akaweka puce nyingine, akakaa mwenyewe kwenye mashine. Kabla ya saa sita mchana, harufu ya kuungua ikajaa nyumba. Puce ya nne.

Sofia alisimama mlangoni. "Na leo, ni mukono ya nani?"

Zakari alichomoa umeme, akafungua kifuniko cha nyuma, akajaribu kuzungusha mhimili wa mota kwa vidole. Ulikuwa mgumu. Nyuzi na vumbi vilikuwa vimeuzinga na kushikana kama gome. Ndipo alipokumbuka kiskrubu cha kuongeza umeme: kila mota ilipochoka, yeye mwenyewe alikuwa amekikaza kidogo, na puce ikabebeshwa umeme kupita uwezo wake. Aliona haya hadi masikio yakamwaka.

Alikata nyuzi zote, akatia mafuta, akaweka puce mpya na kuibandika kipande cha aluminiamu cha kupunguza joto. Kisha akarudisha kiskrubu chini, akisoma kipima umeme. Mashine ilizunguka saa mbili nzima. Alipoigusa puce, ilikuwa vuguvugu tu.

Siku ya pili alikwenda Lukafu. Alimkuta Imani akipukuchua mahindi na binamu zao, akasema mbele ya wote:

"Yaya, nilikukosea. Mashine mi mwenyewe njo niliiharibisha. Na ile neno ya bwana yako, unisamehe."

Imani alimaliza gunzi lake kwanza. "Ulifungua kule nyuma?"

"Nilifungua."

"Ulikuta nini?"

"Nyuzi."

Imani akacheka hadi akajifuta macho kwa kitenge. "Ile neno itanikaa mu roho kidogo, Zakari. Lakini tutarudia ku nyumba."

Walirudi pamoja. Zakari akawaita wale wateja wawili, akawaeleza ukweli wote. Sasa husafisha mota kila Alhamisi, na Imani husimama kando yake akimwonyesha uzi uliobaki.

FUNZO

Kitu kikiharibika nyumbani, tutafute chanzo kabla ya kutafuta mtu wa kulaumu. Tusimgeuzie mjane msiba wake kuwa kosa. Na anayeshika kazi kila siku akisema kuna kasoro, tumsikilize, hata kama sisi ndio mafundi. Puce nyingine ipo sokoni; dada mwingine hayupo. Zakari alikuwa na bahati kwamba dada yake alikubali kurudi. Wengine wetu hatutaipata bahati hiyo.