Mkono wa Jabez Cole

Haya yaliwafika majirani zetu wa Sidab, na walioyashuhudia wangali hai. Mwenye shaka na awaulize.

Jawaher binti Yazid alikuwa na kazi ya kufanyia nyumbani. Aliletewa kwenye kompyuta picha za daftari kongwe za ndoa, za kanisa dogo la mashambani Uingereza, naye akinakili majina ya waliooana, watu waliokwisha kuoza makaburini. Ilikuwa kazi ya utulivu. Asubuhi ile bibi yake, Bi Shaikha, alikuwa kando yake akichambua mchele, na nyumba nzima inanukia iliki.

"Wasiojua kuandika walitia msalaba mahali pa jina," Jawaher alimweleza. "Tazama huyu."

Bi Shaikha akainama. Jina la bwana harusi, Jabez Cole, lilikuwa nene, limenyooka, jina la mtu ajionaye. Chini yake palikuwa na msalaba wa bibi harusi, Hannah, uliochimba karatasi hata ikachanika.

"Huyu hakutia mwenyewe, mjukuu wangu. Kashikwa mkono."

Jawaher hakuondoa macho kwenye msalaba ule, maana jambo hilo lilikuwa karibu mno na lake. Baba yake alikwisha kufa. Ami yake Bader, ambaye ndiye walii, mwenye mamlaka ya kumwoza, alikwisha kuahidi kumwoza kwa Talal, mshirika wake wa biashara. Na kila Jawaher alipokataa alijibiwa kwa upole kwamba ataulizwa siku yake, mbele ya sheikh. Alilingoja swali hilo kama mwenye kiu angojavyo maji.

Akakigusa kioo kwa kidole. "Mimi hawanishiki, Hannah."

Kitu kikamziba mdomo.

Kilikuwa kiganja. Kipana, cha baridi, kinanuka udongo mbichi na moshi wa mshumaa. Kikakaa kadiri ya kumeza mate, kisha kikaondoka.

"Una nini shavuni?" Bi Shaikha aliuliza.

Ilikuwa alama ya dole gumba.

Siku ya akdi, ya kufungishwa ndoa, ikafika. Baada ya sala ya alasiri wanaume walikaa ukumbini na sheikh, wanawake chumbani, na mlango baina yao ukaachwa wazi kidogo. Bader akaja kunong'ona penye upenyo.

"Ukiona haya, nyamaza tu. Mwanamwali akinyamaza, karidhia."

"Sina haya, ami. Nna jibu."

"Ulimi wa bibi yako huo."

"Bibi yake ndiye mamako, Bader," akasema Bi Shaikha. "Nenda kakae."

Sheikh akakohoa. "Jawaher binti Yazid, umeridhia kuolewa na Talal?"

Jawaher akafungua kinywa.

Kiganja kikarudi.

Hakuweza kupumua. Akavuta kichwa nyuma, nacho kikamfuata. Udongo ukamwingia puani. Chumbani hakuna aliyejua. Mashangazi walikuwa wamekwisha kulowesha midomo kwa vigelegele.

"Kanyamaza," sauti ya Bader ikasikika. "Sheikh, andika."

"Ngoja!"

Bi Shaikha alikuwa ameyaona mashavu ya mjukuu wake. Yalikuwa yamebonyea: vidole vinne huku, dole gumba kule. Na mkono haupo.

Akainama sikioni pake.

"Mng'ate."

Dole gumba lilikuwa limeteleza hadi pembeni mwa mdomo. Jawaher akaligeukia, akalipata, akauma. Meno yakazama. Akauma tena, kwa nguvu zote za miezi ile ya kujibiwa kwa upole, hata kitu kikakatika kama mfupa wa kuku.

Mwanamume akapiga ukelele. Haukutoka ukumbini. Ulitoka chini, mbali, chini ya sakafu. Sheikh akaangusha kalamu.

"Sikuridhia!" Jawaher akasimama, akausukuma mlango wazi. "Mnanisikia nyote? Sikuridhia leo, sitaridhia kesho, wala siku nitakayokuwa mifupa!"

Bader akafumbua kinywa. Sheikh akalifunga daftari lake. "Nimesikia," akasema. Talal akatafuta viatu vyake, wala hakungoja kahawa.

Jawaher aliporudi kwenye kompyuta yake, aliufungua ukurasa ule. Mahali pa Hannah palikuwa peupe, karatasi imekuwa nzima tena, bila msalaba wala mchaniko.

Jina la Jabez Cole lilikuwapo bado, herufi zote. Lakini sasa zilitetemeka na kupinda, kama zilizoandikwa na mtu aliyeikamata kalamu kwa mkono usio na dole gumba.