Spika ya Chumba cha Saba

Spika namba saba ilikuwa imehama tena. Jana jioni Chigusa aliiacha katikati ya dari ya chumba cha pembe, duara dogo jekundu kwenye ramani. Asubuhi hii ilikuwa imesukumwa nje, ukutani mwa korido.

Fundi wa sauti kama Chigusa ni mtu wa kuonewa. Taa hugawiwa dari, viyoyozi hugawiwa dari, mabomba ya kuzimia moto nayo, na wakishashiba wote ndipo mwenye spika anaitwa aokote makombo. Safari hii Chigusa aliingia mapema, jengo likiwa bado michoro ya penseli, kwa kuwa lilikuwa nyumba ya wazee hapo Kanazawa, Japani, ambamo mama yake, Kinuyo, angehamia, tena chumba hicho hicho cha saba. Sikio moja la Kinuyo limekufa na la pili linasuasua. Bila spika juu ya kichwa chake, tangazo la moto lingempita usingizini.

Alimwendea msanifu, Mzee Uozumi, amefura. Mzee akakana kuigusa, kisha akashusha sauti.

"Ile pembe ni kaskazini-mashariki, dada. Mlango wa majini na mashetani. Marehemu baba, naye msanifu, hakutoboa hata tundu la msumari upande ule."

"Spika si mlango, mzee."

"Tundu ni tundu."

Chigusa akairudisha, kesho yake ikahama. Akaifunga ramani kwenye kompyuta kwa neno la siri; ikahama vilevile. Mara ya nne karatasi ilitoka kwenye mashine ya kuchapia ikiwa na majimaji, inanuka ubani na nywele zilizoungua. Chigusa aliikunja akaitupa. Alikuwa amechoshwa mno hata asiweze kuogopa.

Ijumaa, saa tisa alasiri, watu wakiwa na chai zao mezani, spika ya ofisini, ile ya kupigia muziki wa mazoezi, ikakwaruza, na sauti ya mwanamke, ya adabu kabisa kama ya kutangaza treni, ikasema moto umezuka, wa chumba cha kwanza tafadhali tokeni, wa chumba cha pili tafadhali tokeni, ikaenda hivyo polepole hadi cha sita, huku ile harufu ya nywele ikishuka kutoka darini na kuwakaa kooni, na hakuna aliyethubutu kuweka kikombe chini, mpaka ilipofika mwisho.

"Wa chumba cha saba, tafadhali endeleeni kulala."

Kuhani wa hekalu la jirani aliitwa siku hiyo hiyo. Alimwaga chumvi, akapunga karatasi zake nyeupe za kufukuzia pepo, akatazama ramani. Alisema tundu likitobolewa pale, jini litakuwa limepewa mdomo.

Chigusa alikaribia kuvunja penseli. "Nikiweka spika, jini linapata mdomo. Nisipoweka, mama haamki. Sasa niweke nini? Nimfunge kengele shingoni?"

Mzee Uozumi alicheka kidogo, kisha akachukua kifutio. Ukuta ulio bado kwenye ramani hauna uzito, alisema. Pembe ile iwe stoo ya magodoro: halali mtu, haihitajiki spika, hatoboi mtu dari. Kinuyo ahamie chumba cha tatu, upande wa bustani. Chigusa alitaka kulia kwa faraja, na hapo hapo akaona uchungu kwamba mpaka jini lije ndipo vyumba vipangwe kwa kufuata spika.

Jumatatu ramani mpya ilichapwa. Karatasi ilikuwa kavu, haina harufu. Alifuatisha maduara mekundu kwa kidole, moja moja. Yote yalikuwa mahali pake, na la chumba cha tatu lilikuwa katikati barabara. Akashusha pumzi, akateremsha kidole hadi stoo.

Hamkuwa na magodoro. Palichorwa kitanda kimoja, mto umeelekezwa kaskazini, upande ambao kwa desturi huelekezwa vichwa vya maiti tu, na juu ya mto, kwa mwandiko nadhifu, jina: Kinuyo.