Muhuri Kwenye Wito wa Bwana Hisakage

Haya yalimpata Fusae Munakata, jirani yetu hapa Ueda, na ndiye aliyetusimulia.

Jumamosi ile alikuwa jikoni anaosha figili za kuchachusha, vidole vimekufa ganzi kwa maji ya baridi. Mumewe akamwita sebuleni.

"Mama Naoya, njoo uone kitu!"

Mzee Kiyotaka alikuwa daktari wa meno mstaafu, miaka sitini na tisa, goti bovu. Kazi iliyombakia ilikuwa kununua karatasi za wafu, kama Fusae alivyoziita. Siku hiyo ametundika ukutani, mahali pa heshima, barua ya vita ya Bwana Hisakage, aliyetawala bonde hili zaidi ya miaka mia nne iliyopita. Sahihi yake ilijisokota chini kama utumbo wa kuku.

"Inasemaje?"

"Ni wito. Adui kavuka mto. Kila nyumba itakayoipokea itoe mwanamume mmoja, wa miaka kumi na mitano hadi sabini. Ukishaisoma unatia alama, unampelekea jirani."

"Kama faili la matangazo ya mtaa, linalopita nyumba kwa nyumba."

"Hilo hilo!"

Nyumba saba zilikuwa zimetia alama. Baada ya alama ya saba palikuwa na muhuri mwekundu, bado mbichi.

"Baba Naoya! Umegonga muhuri wetu?"

"Mkusanyaji gani hagongi? Watakaokuja wajue ilipita kwangu."

Alasiri mlango wa mbele ukatikiswa. Fusae akafungua. Hapakuwa na mtu, ila nyayo za kandambili za majani, zimejaa tope, zimekuja hadi kizingitini. Hazikurudi.

"Nyumba ya Munakata," sauti ikasema sikioni mwake. "Mmoja."

Akapiga kelele. Mzee akasema ni upepo, lakini jioni hakumaliza supu yake.

Jumapili asubuhi nyayo zilikuwa ndani, kwenye mikeka, zimesimama mbele ya picha ya mtoto wao wa pekee, Naoya, mwenye miaka thelathini na minne. Naoya alikuwa anakuja kwa treni mchana huo.

Mzee akampigia aliyemuuzia barua.

"Umegonga kwenye barua yenyewe?" muuzaji akanong'ona. "Mzee wangu, wakusanyaji wenzako wote waligonga kwenye sanduku lake la kuhifadhia!"

"Nifute vipi?"

Badala ya kujibu, muuzaji akauliza, "Nyumbani kwako wanaume wangapi?" Mzee akakata simu.

Fusae hakungoja. Akampigia mwanawe.

"Naoya, shuka kituo kinachofuata. Rudi."

"Mama, nimeshapanda. Kuna nini?"

Akamweleza. Naoya akacheka.

"Basi waambie wanichukue mimi. Huyo mzee na goti lake, watambeba mgongoni?"

"Funga mdomo! Usiseme hivyo hata kwa utani!"

"Nakwenda mimi, Mama. Mwambie Baba atulie." Akakata, bado anacheka.

Fusae alipogeuka, mumewe ameshavaa koti, fimbo mkononi.

"Unakwenda wapi?"

"Umri wangu bado unaruhusu. Wanataka mmoja, na mmoja ni mimi. Naoya asiwakute hapa."

"Huwezi hata kupanda ngazi, wewe mzee!"

"Sijaambiwa kuna ngazi."

Fusae akamng'ang'ania mkono. Akamshika shati. Mzee akamtoa vidole kimoja kimoja, taratibu, kama alivyozoea kuwatuliza wagonjwa wake.

Nje jua lilikuwa kali, theluji inayeyuka. Mzee akapita lango. Akakata kona ya ua. Fusae akasikia miguu mingi, mingi mno, inatembea kwa pamoja. Akakimbia. Barabara ilikuwa tupu. Fimbo ililala katikati.

Akalia pale pale chini. Lakini, na hili hunong'ona akilisema, moyoni alipata nafuu. Alijiona mshenzi, ila nafuu aliipata. Naoya amepona.

Akarudi ndani, akampigia. Simu ikaita sana. Akapokea mtu mwingine.

"Samahani, mama. Mimi ni kondakta. Simu hii nimeikuta kwenye kiti. Koti lipo. Viatu vipo."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Hatujui, mama. Treni haijasimama popote."

Fusae akaiacha simu ianguke. Akainua macho ukutani. Pembezoni mwa barua, karibu na muhuri wao, palikuwa na maandishi ambayo asubuhi hayakuwepo, na sahihi ile ile iliyojisokota. Hati za kale hakuzijua. Lakini kati yake aliiona namba mbili, ambayo kwa herufi zetu huandikwa kwa mistari miwili tu, hata mtoto huisoma.

Akaigusa. Wino ukamchafua kidole.