Aliyebaki Bila Kupakwa

Nesi alikuwa ameshaanza kufunga madirisha ya zahanati Dada alipoingia anahema, mdogo wake mgongoni. Mtaa mzima ulimwita Dada, maana tangu alipoacha shule kazi yake ilikuwa hiyo moja: kuwa dada wa Bonge. Mama yao alifua mashuka ya nyumba ya wageni kutwa nzima, na mtoto hajilei mwenyewe.

Bonge naye jina lilikuwa limeshamkimbia. Yale mashavu yaliyompa jina yalikuwa yamekwisha. Alibaki mbavu tupu, na kati ya vidole, makwapani na kiunoni vipele vilikuwa vimegeuka vidonda. Alijikuna mpaka damu. Akichoka kulia alisinzia, na vidole vikaendelea kukuna vyenyewe.

"Mmerudi tena?" Nesi alimgeuza mtoto taratibu, akakunja uso. "Mlifanya nilivyosema?"

"Yote, nesi. Tulioga, tukajipaka kuanzia shingoni hadi nyayo, hadi chini ya kucha. Mashuka tukachemsha, tukaanika juani."

"Wote jioni moja?"

"Wote. Hata mama, na yeye hawashwi." Dada akasita. "Jirani anasema huu si upele. Anasema tumetupiwa."

"Mwambie jirani yako aliyewatupia ana miguu minane na haonekani kwa macho." Nesi alicheka. "Ni kadudu, mdogo wangu. Kanachimba ngozi, kanataga mayai humo, kanamhamia anayelala karibu nawe. Upele ukirudi hivi, kuna mtu ndani ya nyumba hamjampaka."

"Tuko watatu tu."

"Basi mko wanne."

Alisema hivyo kwa utani, akageuka kutoa chupa kabatini. Alipogeuka tena utani ulikuwa umemtoka usoni.

"Vidonda vimetunga usaha. Sumu hii ikiingia kwenye damu, mwili wenyewe ndio huu. Isipokwisha safari hii, namlaza. Sikutishi."

Dada alirudi nyumbani mbio mbio. Umeme ulikuwa umekatika mtaa mzima. Chumba chao kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Mbele kitanda, nyuma ya pazia ukuta wenye misumari ya kutundikia nguo.

Mama alikuwa ameshachemsha maji. Waliogeshana, wakajifuta. Mama akajipaka, kisha akampaka Bonge, halafu akamkalisha mapajani na kumshika mikono yote miwili ili asijikune. Mshumaa ulikuwa unaelekea kwisha.

Kwaru... kwaru...

"Dada, acha kujikuna."

"Sijikuni, mama."

Mama alimtazama. Mikono ya Dada ilikuwa magotini. Akaitazama mikono ya Bonge. Ilikuwa ndani ya yake mwenyewe.

Kwaru... kwaru... kwaru...

Ilitoka nyuma ya pazia. Ikafuatwa na pumzi ndefu ya mtu aliyepata nafuu ndogo.

"Aaah..."

Harufu ikaja. Kibiriti upele, ule unga wa manjano ambao watu wa zamani waliuchanganya na mafuta wakajipaka. Ndani ya nyumba yao hapakuwa nao.

"Ni panya," Mama alinong'ona. "Tangu tuhamie nawasikia. Ni panya tu, mwanangu."

"Panya hawaguni, mama."

Mama akainuka na Bonge, akashika kitasa. Mtoto alianza kulia, kilio kile kikavu cha siku zote, akijisugua mgongo kwenye kifua cha mama yake. Dada aliangalia vile vidonda. Wakimbilie wapi? Waende na upele huohuo, mpaka Bonge alazwe, mpaka damu yake iingie sumu?

Akafungua chupa. Akamimina dawa kiganjani.

"Usithubutu," Mama alisema. "Nakwambia usithubutu!"

"Nesi kasema wote."

Alifika kwenye pazia akasimama. Kukuna kukakoma. Nyuma ya kitambaa kile kulikuwa na mtu anayesikiliza. Dada hakujua mtu wa namna hiyo huanzwa vipi, ila alijua ni mkubwa kwake.

"Shikamoo," akasema.

Jibu likaja, kama majani makavu yanayokanyagwa:

"Mara... haba."

Mama aliteleza mlangoni akakaa chini, Bonge kifuani.

"Tunapaka dawa," Dada alisema. "Itachoma kidogo mwanzoni. Halafu inapoa."

Alifumba macho, akapitisha mikono nyuma ya pazia.

Hakuna kitu. Hewa tupu, baridi.

Halafu mgongo ukaja.

Ulikuja wenyewe, ukajiegemeza kwenye viganja vyake. Baridi kama sakafu. Aliihisi mifupa ya mabega, imechongoka. Ngozi ilikuwa ngumu, imepasuka mistari mistari. Akaanza kupaka. Shingo. Mabega. Chini ya mabega. Mgongo ule ulikuwa unatetemeka wote.

"Chini kidogo..." sauti ilinong'ona.

Akapaka chini kidogo.

"Hapo... Hapo hapo, mjukuu wangu... hapo..."

Mshumaa ukazimika.

Asubuhi Mama alibeba maji ya moto akafua kila kitu kilichokuwa nyuma ya pazia. Akafua na pazia lenyewe. Na tangu siku hiyo hapakusikika kwaru tena.

Bonge alipona. Vidonda vilikauka, magamba yakadondoka, akaanza kudai chakula kwa matusi yake ya kitoto. Nesi alifurahi kama mtoto ni wake.

"Si nilikwambia? Mlimpata yule ambaye hajapakwa?"

"Tulimpata."

"Nani, baba? Kajificha wapi?"

"Bibi mmoja," Dada alijibu. Nesi akacheka sana.

Siku chache baadaye mwenye nyumba alikuja kukaa barazani, anachambua mboga. Dada akamuuliza nani alipanga chumba chao kabla yao.

"Bibi mmoja. Alipata upele, masikini. Ndugu wakasema karogwa, anayemgusa atarogwa naye. Chakula walikuwa wanamsukumia kwa mpini wa ufagio. Akawa anajipaka kibiriti na mafuta mwenyewe, mpaka mkono ulipofika. Mgongo je? Nani ampake? Alikuwa anajikuna ukutani, tunamsikia wote, mpaka akafia humo." Akatupa shina moja kando. "Tulimsikia wote. Kwa nini unauliza?"

"Nilimpaka."

Mikono ya mwenye nyumba ikasimama juu ya mboga.

"Ulimgusa? Kwa mikono yako?"

"Ndiyo."

Mwenye nyumba aliinuka. Alibeba sufuria lake na mboga nusu hazijachambuliwa, akarudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, macho yakitazama nyuma ya bega la Dada.

"Mtu aliyekaa vile bila kuguswa, mwanangu... mtu wa vile ukimshika, hakuachi..."

Akaenda zake, anaharakisha.

Mchana ule Mama alikuwa kazini. Jua lilikuwa kali, watu wanapita nje wanataniana, redio ya jirani inapiga kelele. Dada alijilaza ubavuni karibu na Bonge ili amlaze. Mtoto alipitiwa upesi. Pumzi yake nyepesi, safi, tumbo linapanda na kushuka. Ngozi ya mgongo wake ilikuwa laini kama ya siku aliyozaliwa.

Kitanda kikabonyea nyuma ya Dada.

Hakugeuka. Alimvuta Bonge kifuani, taratibu, asimwamshe.

Harufu ya kibiriti.

Kidole cha baridi kikagusa katikati ya mgongo wake. Kisha cha pili. Vikaanza kumkuna, polepole, kwa uangalifu, kama mtu anayelipa fadhila. Dada hakuwa anawashwa. Siku nyingi hakuwashwa popote. Lakini kila vidole vile vilipopita, ngozi iliamka. Ikaanza kuwaka. Mikononi mwake, Bonge alijigeuza usingizini.

Na sauti kavu ikamsogelea sikioni, kwa upole wote wa bibi kwa mjukuu:

"Ni hapa... au chini kidogo?"