Mlango wa Wenyeji

Kila Jumanne fundi cherehani alifunga kazi mapema. Saa tisa kamili alifunika mashine yake, akachukua pampu, akajaza upepo magurudumu ya kiti cha binti yake. Binti alikuwa na miaka kumi na sita. Miguu yake haikuwa na nguvu tangu utotoni, lakini mikono ilikuwa myepesi ajabu. Wenzake walimwita Kipanga. Mpira ukipita karibu naye, umekwenda.

Kipanga na wenzake tisa walicheza mpira wa kikapu wakiwa kwenye viti vya magurudumu. Walifanya mazoezi katika uwanja wa ndani wa jiji, Jumanne, saa kumi hadi saa kumi na mbili. Mahali pengine hapakufaa. Nje kulikuwa na kokoto na mashimo. Gurudumu dogo la mbele likizama shimoni, mchezaji huanguka kifudifudi. Kipanga aliwahi kujaribu, akapoteza jino. Sasa zilikuwa zimebaki wiki saba kabla ya mashindano yao.

Jumanne moja fundi na wachezaji walikuta milango yote miwili ya mbele imefungwa. Mlinzi mpya alisimama mbele yake.

"Rudini nyumbani, mama," alisema. "Kuanzia leo Jumanne ni ya timu."

"Timu gani? Na hawa ni timu."

"Timu za kulipwa, mama. Njano na Kijani. Wao ndio wenyeji hapa." Akanyoosha kidole juu.

Fundi alitazama. Alikuwa amemaliza darasa la kisomo cha watu wazima miezi minne tu iliyopita. Tangu siku hiyo hakuna kibao kilichomponyoka. Alisoma polepole, herufi kwa herufi. Kibao cha kushoto kilisema MLANGO WA WENYEJI. Cha kulia kilisema MLANGO WA WAGENI.

Wenyeji ni wao, aliwaza. Wageni ni walioalikwa nao. Sisi hatuna mlango. Akageuza kiti cha binti yake, wote wakaondoka.

Nyumbani mumewe, fundi bomba, alikuwa ananawa mikono.

"Nani kasema uwanja ni wao?" aliuliza.

"Imeandikwa. Nimesoma mwenyewe."

"Haya. Tangu ujue kusoma, humu ndani hatupumui."

Kipanga hakucheka. "Kwa hiyo ndiyo basi, mama?"

Swali hilo lilimuuma fundi kuliko maneno ya mlinzi. "Sijasema basi," alijibu.

Asubuhi alikwenda ofisi ya timu ya Njano. Wakamwambia ratiba iko kwa Kijani. Akaenda kwa Kijani. Wakamwambia mlinzi aliwekwa na Njano. Akarudi kwa Njano, akakuta wametoka kula. Walimzungusha mpaka visigino vyake vikawaka moto.

Jioni jirani alikuja kupima gauni lake. Alikuwa karani wa masijala ya halmashauri, mahali yanapotunzwa majalada yote ya jiji. Fundi alimbana kiunoni kwa pini.

"Shoga, utanitoboa."

"Nisamehe. Hasira hizi." Akamsimulia yote.

"Ngoja," karani alisema. "Umewauliza Njano, ukawauliza Kijani. Hao ni wapangaji. Mwenye nyumba hukumuuliza."

"Mwenye nyumba yupi? Kibao kinasema wenyeji ni wao."

Karani alicheka mpaka pini ikamchoma kweli. "Kile ni kibao cha siku ya mechi. Timu inayopokea wenzake huitwa mwenyeji, inaingilia kushoto. Timu inayosafiri huitwa mgeni, inaingilia kulia. Mwenyeji wa mechi si mwenye uwanja."

"Kumbe. Sasa mwenyewe ni nani?"

"Jiji. Kwa hiyo ni mali yetu sote, na huyu Kipanga akiwemo. Njano na Kijani wana mkataba. Mkataba unawapa saa zao tu. Saa zilizobaki ni za wakazi. Ratiba inapitishwa na kamati ya michezo ya halmashauri. Timu haina ruhusa ya kuigusa."

Fundi alikaa kitini. Aliona haya, kisha haya ikamtoka. "Nifanyeje?"

"Kesho njoo ofisini uombe kuona ratiba ya mwaka. Mkazi yeyote anaruhusiwa. Halafu andika barua kwa kamati. Taja siku, saa, na aliyewafukuza. Usitukane."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Toa nakala mbili. Moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Bila muhuri watakwambia hawajaiona."

Fundi alikwenda. Ratiba aliiona kwa macho yake: Jumanne, saa kumi hadi kumi na mbili, wakazi. Mumewe alitaka kumwandikia barua, akakataa. Alichana karatasi tatu. Ya nne ilikubali. Iligongwa muhuri siku hiyohiyo.

Baada ya wiki mbili kamati ilikutana. Wachezaji wote kumi walikwenda, wakapanga viti vyao mstari wa mbele. Mwenyekiti alisoma barua kwa sauti, kisha akamgeukia meneja wa Njano.

"Nani aliwapa Jumanne?"

"Tulizungumza na wenzetu wa Kijani. Tuliona hawa hawaitumii sana."

"Mliona. Ruhusa ya kamati iko wapi?"

Meneja alipekua mkoba wake. Meneja wa Kijani alitazama viatu vyake.

Kipanga aliomba kusema. "Mheshimiwa, timu hizi zina saa nyingine nyingi. Sisi tuna mbili. Tumebakiwa na wiki tano, na sina meno ya kuchezea nje."

Ukumbi ulicheka. Yeye hakucheka. Alisubiri jibu.

Kamati ilirudisha Jumanne kwa wakazi. Ikaagiza ratiba yenye muhuri ibandikwe mlangoni, kila mtu aione. Kipanga na wenzake hawakupata kila walichotaka. Mechi kubwa ikiangukia Jumanne, watapisha. Lakini lazima waarifiwe kwa maandishi siku saba kabla, na wapewe siku nyingine. Fundi alikubali, akaomba hilo nalo liandikwe.

Jumanne iliyofuata mlinzi alikuwa palepale. Ratiba ilikuwa nyuma yake, imebandikwa. Fundi aliisoma yote, kuanzia juu mpaka muhuri, bila haraka. Mlinzi alisubiri.

"Karibuni, mama," alisema mwishowe. "Niwafungulie ule mlango mdogo wa nyuma?"

Fundi alitazama vibao viwili juu ya milango. "Mwanangu, wewe unaishi wapi?"

"Hapahapa mjini."

"Na sisi hapahapa. Basi tufungulie wa wenyeji."

Mlinzi alicheka, akatoa ufunguo. Kipanga alikuwa wa kwanza kupita.