Zawadi ya Chuma na Wavu

"Harlan, hiki ni nini?"

"Si unaona mwenyewe? Wavu."

"Naona ni wavu. Nauliza umefuata nini kwenye siku yangu ya kuzaliwa!"

Twyla Beck alikuwa amesimama nje ya mgahawa wa Cutler Creek, mji mdogo wa Oklahoma ambako mtu akipiga chafya asubuhi, mchana anaulizwa hali. Alivaa gauni jipya la bluu. Ndani, wasichana wa timu ya shule aliyoifundisha softboli, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo, walikuwa wamebandika nyuso kwenye kioo. Wiki nzima mji ulinong'ona kwamba Harlan Stroud, fundi wa kuchomelea, angemvisha pete jioni ile. Na Harlan huyo, kafika na pikapu, nyuma kafungia kwa kamba fremu ya chuma ndefu kuliko yeye, imevalishwa wavu mweusi na kuachwa pengo ubavuni.

"Nimekutengenezea," alisema, akijikuna shingo. "Uwe unasimama nyuma yake ukiwarushia wasichana mipira ya mazoezi. Unarusha kupitia pengo hili, unarudi nyuma ya wavu. Mpira ukipigwa kuja kwako unakutana na wavu."

"Wanawake wenzangu wanaletewa pete, mimi naletewa chuma!"

"Twyla, unasimama karibu mno. Na yule Kenzie anavyopiga..."

"Nimerusha mpira tangu mdogo, sijawahi kujificha nyuma ya kitu! Unaniona nimezeeka, eti? Macho yamekwisha?"

"Sijasema hivyo."

"Hujasema chochote! Ndiyo shida yako. Miaka yote hii, wewe ni kunyamaza tu. Nimechoka, Harlan. Tuachane."

Harlan akapanda pikapu yake. Aliupeleka wavu uwanjani, akauegemeza nyuma ya stoo ya vifaa, akaenda zake.

Ni ugonjwa wa makocha waliokuwa warushaji hodari enzi zao: wanaamini watauwahi kila mpira. Twyla alikuwa na kisingizio pia. Wavu pekee wa shule ulirithiwa kutoka kwa wavulana wa besiboli, na pengo lake liko kona ya juu, maana wavulana hurusha juu ya bega. Kwenye softboli mkono hupita chini, usawa wa nyonga. Hivyo wavu ule aliutupa kando, akawa anarusha bila kinga. Na wa Harlan hakutaka hata kuusogelea.

Mwezi ukapita. Alasiri moja, akiwa tayari ameshika ndoo ya mipira, simu ikalia. Ujumbe wa Harlan.

"Nimepata kazi ya mabomba Texas. Naondoka kesho asubuhi. Ukisharusha, tafadhali rudi nyuma ya wavu."

"Hata kuaga hajui!" Twyla alifoka peke yake, akaisukumia simu mfukoni. Macho yalikuwa yanamuuma. "Kenzie, ingia!"

Kenzie Odom, mpigaji mwenye nguvu kuliko wote, alitema maganda ya mbegu za alizeti. Gongo hakuliinua.

"Sipigi, Kocha."

"Unasemaje?"

"Juzi mpira wangu ulipita hapa." Alijigusa sikio. "Wewe ulicheka. Mimi nilifika nyumbani nikatapika."

"Niliukwepa, mwanangu."

"Hukuukwepa, Kocha. Ulikukosa wenyewe. Sitaki kuwa mimi niliyekuumiza. Tuuvute ule wa Harlan, la sivyo nakaa chini."

Wenzake hawakungoja ruhusa. Waliuburuta wavu mpaka mbele ya kocha wao, wakaukandamiza miguu kwa mifuko ya mchanga.

Twyla alirusha akiwa na nia ya kuutafutia kasoro. Hakuipata. Pengo lilikuwa upande wa kushoto, na yeye hurusha kwa shoto. Lilikuwa chini, palepale vidole vyake vilipoachia mpira. Hakuhitaji kuinama wala kujipinda. Akarusha tena, na tena, mpaka akasahau kununa.

Ndipo Kenzie akaupata mmoja sawasawa.

Paa!

Wavu ulivimba mbele ya uso wa Twyla, mpira ukadondoka miguuni pake. Mikono yake ilikuwa bado imening'inia ubavuni, haijainuka hata kidogo. Ule mpira hakuuona kabisa.

Akakaa kwenye nyasi na kupiga simu.

"Harlan, uko wapi?"

"Napakia vifaa. Twyla? Unalia?"

"Ulijuaje pengo likae wapi?"

Ikasikika spana ikitupwa kwenye boksi.

"Leo usininyamazie, nakuomba."

"Zile jioni nilizokuwa nakuja kukaa kwenye viti vya watazamaji," alisema polepole, "ulidhani nafuata mchezo? Hata sheria zake zinanichanganya. Nilikuwa naangalia mkono wako. Nikaweka alama ya chaki kwenye nguzo ya uzio, usawa wa pale unapoachilia mpira. Kila jioni nahakikisha. Mimi kuongea siwezi, Twyla. Kuchomelea naweza."

"Njoo uwanjani."

Alikuja, ananuka moshi wa chuma. Twyla alimkumbatia mbele ya timu nzima.

"Asante, Harlan. Sasa hivi ningekuwa hospitali, au pabaya zaidi. Asante kwa kunitunza wakati mimi sijitunzi. Na nisamehe kwa ule mdomo wangu."

"Pete nilikuwa nayo," Harlan alisema.

"Nini?"

"Ile siku, mfukoni. Nilitaka kwanza uwe salama, ndipo nikuombe. Nilianza na wavu. Nadhani nilikosea mpangilio."

"Wewe mwanaume wewe! Iko wapi sasa?"

"Kwenye pikapu. Kwenye boksi la spana."

"Kailete!" wasichana walipiga kelele, na Kenzie ndiye aliyekimbia kuifuata.

"Na Texas je?" Twyla aliuliza, mkono wa kushoto ameshaunyoosha.

"Texas wana mafundi wengi."

Walifunga ndoa msimu ulipokwisha, palepale uwanjani, wavu umepambwa maua ya alizeti. Badala ya kuwarushia mchele, wasichana waliwarushia mbegu za alizeti, na mchungaji alizipata mpaka kwenye kola. Kabla ya hapo alikuwa amemuuliza bwana harusi kama ana neno kwa mkewe.

Harlan alitoka jasho. Alimtazama Twyla, akautazama wavu, akamtazama Twyla tena.

"Nakushukuru," alisema, "kwamba ulisimama nyuma yake."

Mji mzima ulicheka. Twyla peke yake ndiye aliyelia, akamshika mkono kwa nguvu.